Mtoto Hasikii

Jumapili, 4 Januari 1953

Safari hii sikuja likizo. Nimerudi nyumbani kukaa. Miaka miwili na zaidi nilikuwa Malolo, mwalimu peke yangu, vyumba viwili vya udongo na watoto tisini. Sasa Padre amenihamishia shule ya misheni yetu hapa Mtua, darasa la tatu, na leo baada ya misa aliwatangazia watu jina langu: Mwalimu Eustakio. Mke wangu Dionisia alikuwa upande wa wanawake, amemshika mtoto wetu Lusiana begani. Niliwatazama nikasema moyoni, sasa nitakula chakula cha moto kila siku, na mwanangu atanizoea.

Maana hajanizoea. Nikimwita haji. Nikimsemesha ananitazama mdomoni, kisha anakimbilia nyuma ya mama yake, wala hasemi nami. Simlaumu. Baba anayekuja mara tatu kwa mwaka na begi mkononi ni mgeni kama wageni wengine.

Habari kubwa ni kwamba misheni inafungua darasa la watoto wadogo, wa miaka mitano na sita, ili wakifika darasa la kwanza wawe wamekwisha kujua kukaa, kuimba na kushika chaki. Atawafundisha Teodosia, msichana aliyelelewa na Masista. Lusiana atatimiza sita mwezi wa tano. Nimeandika jina lake mwenyewe kwenye orodha, la kwanza, juu kabisa.

Jumatano, 7 Januari

Mvua tangu alfajiri. Shamba la mtama limeota vizuri. Nimepanga vitabu vyangu.

Jumapili, 11 Januari

Tumegombana. Kesho darasa la wadogo linaanza, na Dionisia ananiambia jioni hii, wakati anapepeta mchele, "Baba Lusiana, si angoje mwaka mmoja?"

"Angoje nini?"

"Bado mdogo."

"Fatu wa jirani ni mdogo kuliko yeye na anaanza."

"Fatu ni Fatu."

Nikamwuliza kama anataka mtoto abaki jikoni kumsaidia kazi. Akaendelea kupepeta mpaka mchele ukabaki mweupe kabisa, na bado akapepeta. Sikupendezwa. Mimi baba yangu alinikataza shule, nikatoroka nikaenda. Leo mwanangu anafunguliwa mlango, na anayemzuia ni mama yake.

Jumatatu, 12 Januari

Siku ya furaha. Nilimshika mkono kutoka nyumbani mpaka kwenye banda la wadogo, nyuma ya kanisa. Alivaa gauni la maua nililomletea kutoka Ruangwa. Njiani alikuwa anaruka madimbwi, na alipoanguka alicheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka.

Pale bandani palikuwa na kilio kama msibani. Fatu alimng'ang'ania mama yake mpaka khanga ikafunguka. Lusiana hakulia hata kidogo. Niliinama nikamwambia, "Nitakuja kukuchukua saa sita, umesikia?" Akanitazama mdomoni, akanipa kisogo, akaenda kukaa mkekani mbele kabisa. Wazazi wengine walisema, "Mtoto wa mwalimu huyo." Nilikwenda darasani kwangu kifua mbele. Kutoka dirishani kwangu banda linaonekana lote. Nafikiri nilifundisha vibaya leo, maana kila mara nilikuwa namtafuta kwa macho.

Alhamisi, 15 Januari

Padre alimwamkia Lusiana mlangoni pa kanisa mara tatu. Hakuitikia. Nilimwonea haya.

Jumatatu, 19 Januari

Mvua. Udongo mweusi unashika miguu kama gundi. Lusiana alikwenda mbio, mimi na viatu vyangu nikabaki nyuma. Anaipenda shule. Siku za mwanzo nilimshika mkono, sasa yeye ndiye anayenivuta.

Jumatano, 21 Januari

Nimempiga. Naandika ili nisijidanganye kwamba nilikuwa na hasira tu.

Wakati wa mapumziko nilimwita kutoka barazani, aje nimpe muhogo. Alikuwa hatua kumi tu. Nikamwita tena. Akaenda zake upande wa miti ya mitalawanda, taratibu, kama mtu anayesema, ita mpaka uchoke. Walimu wenzangu walikuwapo. Mmoja akacheka, "Mwalimu wa nidhamu, mtoto wake hasikii!" Watoto wa darasa langu walikuwapo pia.

Nyumbani nikachukua fimbo nyembamba, nikampiga viboko vitatu vya miguuni, nikimwambia kila mara, "Nikikuita, itika." Alilia kwa sauti nene, ya ajabu, isiyo na maneno. Dionisia akaja akasimama kati yetu. "Nipige mimi," akasema. Nikamwambia hivi ndivyo watoto wanavyoharibika. Hajala chakula cha jioni, wala mtoto hajala.

Najua nimefanya ipasavyo.

Jumatatu, 26 Januari

Teodosia alinisubiri njiani baada ya shule. Ana miaka kumi na tisa au ishirini, mwembamba, anavaa rozari shingoni kama Sista.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Naomba nikuulize jambo, usikasirike. Nyumbani, Lusiana anasikia?"

"Hasikii. Lakini nimeanza kumrudi, atasikia."

"Sisemi utii, Mwalimu. Nasema masikio." Akatazama chini. "Watoto wakipiga makofi, yeye hupiga baada yao. Wakisimama, husimama baada yao. Anawaangalia. Nikimwita akiwa amenipa kisogo..."

Sikumwacha amalize. Nilimwambia kwamba amefundisha wiki mbili, mimi nimefundisha miaka tisa, na kwamba mwalimu asiyeweza darasa hutafuta kosa kwa watoto. Akasema, "Nisamehe, Mwalimu," akaondoka karibu mbio. Nilitembea mpaka nyumbani nikimjibu maneno ambayo hakuyasema.

Alhamisi, 29 Januari

Nimezungumza na Padre. Nimemwambia Teodosia ni mtoto mwema lakini hajakomaa, na kwamba ingefaa apate mahali padogo kwanza, apate uzoefu. Padre aliandika kitu katika kitabu chake. Ni kwa faida ya shule.

Jumatatu, 2 Februari

Sikukuu ya mishumaa. Mvua imezima yote kabla hatujafika mlangoni.

Jumanne, 10 Februari

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Zamu ya kengele ilikuwa yangu wiki hii. Kengele yetu ni kipande cha reli, kimening'inizwa kwa mnyororo kwenye tawi la mkorosho, na hupigwa kwa nyundo ya chuma. Sauti yake hufika mpaka ng'ambo ya bonde. Watoto wadogo wanaiogopa, wakiona mwalimu anakwenda na nyundo huziba masikio kabisa.

Saa nne nilikwenda kupiga ya mapumziko. Wadogo walikuwa wamekwisha toka. Lusiana alikuwa amechuchumaa chini ya mkorosho, karibu na reli kabisa, ningeweza kumgusa kwa mguu. Alinipa mgongo. Alikuwa anapanga korosho mbichi katika mstari mchangani. Fatu na wenzake walipiga kelele, wakakimbia, wakaziba masikio.

Nilipiga.

Hakushtuka. Bega halikutikisika. Mkono wake ulikuwa umeshika korosho, ukaiweka mahali pake, ukaenda kuchukua nyingine.

Nilidhani sikupiga sawasawa. Nikapiga tena, kwa nguvu zangu zote, mpaka mimi mwenyewe masikio yakalia. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Watoto wa madarasa yote wakatoka nje, walimu wakatoka, wakidhani pana moto. Lusiana akapanga korosho yake ya sita, ya saba. Kisha kivuli changu kikamwangukia mchangani. Hapo ndipo alipogeuka, akaniona na nyundo, akadhani ni fimbo labda, akajikunja na kufunika miguu yake kwa mikono.

Teodosia alikuja akaichukua nyundo mkononi mwangu. Angeweza kunisuta, nami ningestahili. Alimwinua Lusiana, akampeleka bandani.

Sikumaliza vipindi. Nilikwenda nyumbani, mvua ikanikuta njiani. Dionisia alikuwa jikoni, anamenya mihogo. Nilisimama mlangoni na maji ya mvua yananidondoka, nikamwuliza, "Tangu lini?"

Hakuniuliza tangu lini kitu gani. Aliweka kisu chini.

"Tangu ile homa. Mwaka juzi, masika. Wewe ulikuwa Malolo na mito imejaa. Siku nne za degedege. Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali, nikajua nimebeba maiti. Akapona. Tukarudi. Siku ya tatu nilidondosha sufuria nyuma yake, hakugeuka. Na maneno aliyokuwa nayo yakaisha kidogo kidogo."

"Ukaninyamazia miaka miwili."

"Ningekuambiaje? Mimi siandiki. Barua zangu zinaandikwa na katekista. Nimwambie katekista aandike, mtoto wa mwalimu ni kiziwi, na siku ya pili Mtua nzima ijue kabla yako? Nikasema nitakuambia ukija. Ukaja Pasaka ukamweka mapajani, ukamwimbia. Ukasema huyu atakuwa mwalimu. Uliniambia mimi, macho yako yanang'aa. Nikasema nitakuambia Agosti. Agosti nikasema Krismasi."

"Nimempiga, Dionisia. Nimempiga kwa kutokuitika."

"Nilikuona."

"Na hukusema!"

"Nilitaka kusema, mdomo ukakataa." Akaanza kulia, bila kujifuta. "Nilijua ukijua hutampenda tena."

Hapo palikuwa na nafasi ya kumwambia kwamba si kweli. Alinitazama akingoja. Kunguru walikuwa juu ya paa wakipigana, nakumbuka kelele yao vizuri. Nilitoka nikaenda kusimama kwenye mtama, mvua ikaninyeshea mpaka aliporudi Lusiana, peke yake, akiruka madimbwi.

Jumatano, 11 Februari

Mvua.

Alhamisi, 12 Februari

Mvua. Nimemnong'oneza sikioni, kisha nimempigia kelele sikioni. Alicheka kwa sababu pumzi yangu ilimtekenya.

Ijumaa, 20 Februari

Juzi tulipakwa majivu, jana tulikwenda na lori la misheni hospitali kubwa. Daktari ni mzee mpole. Alimtazama masikioni kwa taa ndogo, akapiga chuma fulani na kukigusisha nyuma ya sikio, akapiga makofi nyuma ya kichwa. Akazungumza na Sista kwa lugha yao, na Sista akageuka kwangu.

"Homa iliua mishipa. Masikio ni mazima kwa nje, ndani yamekufa."

"Dawa?"

"Hakuna dawa, Mwalimu."

"Na shule? Shule za watoto kama huyu?"

Sista alisema kwao Ulaya zipo. Hapa nchini yeye hajasikia hata moja. Alimpa Lusiana peremende, na Lusiana akampigia goti vizuri kabisa, kama alivyofundishwa na Teodosia.

Njiani lori lilinasa kwenye matope kwa muda wa saa tatu. Tulipita penye mashamba yale makubwa ya karanga ya Waingereza, yaliyoachwa, majani yamerudi, trekta moja imekaa imepata kutu na miti midogo imeota katikati ya magurudumu. Dionisia alilala. Nilimtazama mtoto akihesabu vidole vyake. Nilifikiri mambo ambayo baba hapaswi kufikiri. Nilifikiri kwamba zile siku nne za degedege zingeweza kumalizika vingine, nami ningekuwa nimekwisha kulia na kunyamaza. Nimeandika. Sitalifuta.

Jumapili, 1 Machi

Nimekwenda kumwomba radhi Teodosia. Alikuwa anafagia banda peke yake, Jumapili. Nilimwambia nilikosea. Alisema, "Hapana, Mwalimu, kuwa mzazi ni vigumu." Sikumwambia niliyomwambia Padre. Nilikwenda kwa nia hiyo, nikarudi nayo.

Alinionyesha jambo. Akiwaimbisha, humweka Lusiana karibu na kumshikisha koo lake, mkono mdogo juu ya koo. "Anajua wimbo unapokwisha," akasema. "Na tazama." Akatoa kibao. Kwa chaki palikuwa pameandikwa LUSIANA, herufi moja imegeuka nyuma. Wenzake bado wanachora mistari.

Nilidhani nitafurahi. Nilikaa kwenye kile kibanda nikaona miaka yote inayokuja: atajua kuandika jina lake, na halafu? Nani ataliita?

Jumamosi, 7 Machi

Shemeji yangu Saturnini alikuja kutoka Kiegei. Kwa desturi ya upande wetu mtoto ni wa wajomba kabla ya kuwa wa baba, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuuliza, na aliuliza kwa upole. Akasema kwao yuko mganga wa mizizi. Mimi, mwalimu wa misheni, katika Kwaresima, nilivaa kofia nikaenda.

Mganga alimshika Lusiana kidevu, akampulizia, akamtazama muda mrefu. Kisha akasema waziwazi kwamba hawezi. "Ningeweza kukupa kitu, Mwalimu, ukaenda nacho. Lakini sitakudanganya."

Nilitamani anidanganye.

Jumatano, 11 Machi

Mto umefurika. Watoto wa ng'ambo hawakuja. Lusiana alikuja.

Alhamisi, 19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, baba mlezi. Leo ndiyo siku aliyoichagua Padre kuniita.

Alinipa kiti. Alisema wazazi wamemjia, Wakristo na Waislamu. Watoto wao wakiwa nyumbani wanatoa sauti kama ya Lusiana, wanaongea kwa mikono, wanacheka. Mama mmoja anaogopa kwamba uziwi huambukiza. "Ni ujinga, najua," Padre akasema. "Lakini darasa ni jipya, Mwalimu, na lina watoto arobaini na wawili, na Mei anakuja inspekta wa shule. Akiona linakwenda vizuri tutaruhusiwa kuliendeleza. Akiona vingine litafungwa, wote watarudi nyumbani. Sikuamuru. Wewe ni mwalimu, ungefanyaje?"

Nilijua la kusema. Nilikuwa nalo kinywani: Padre, amekwisha kujua kuandika jina lake. Lakini nilikumbuka ile baraza, yule mwenzangu akicheka, kisogo cha mtoto kikienda zake. Nikaona siku ya inspekta, nikaona nikisimama pale na kuulizwa, huyu ni wa nani?

Nikasema, "Naelewa, Padre. Baada ya Pasaka hatakuja."

Alinishukuru. Alinipa mkono. Alisema nina moyo wa sadaka.

Ijumaa, 20 Machi

Nimemwambia Dionisia. Nilidhani atapumua, yeye aliyetaka mtoto abaki nyumbani. Alisimama ghafla, maharagwe yakamwagika yote.

"Mimi nilimficha miaka miwili asionwe na watu. Nilikosa, sawa. Wewe ukamtoa nje. Watu wamemwona, na yeye amewaona. Ana rafiki sasa. Asubuhi ananiamsha yeye. Sasa unamrudisha ndani?"

"Ni kwa ajili ya darasa zima."

"Ni kwa ajili yako."

Tangu tuoane hajawahi kusema nami hivyo. Nami nilikuwa nimekwisha kujiambia hivyo hivyo njiani.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Nimesimama, nimepiga magoti, nimebusu msalaba. Sikuomba kitu.

Jumatatu, 13 Aprili

Shule imefunguliwa.

Aliamka kabla yetu. Alivaa gauni, akanawa uso, akaketi kizingitini kunisubiri. Fatu alipita na wenzake, wakampungia mkono, akasimama.

Hapo ndipo nilipojua ambalo sikulifikiri siku zote hizi. Sina njia ya kumwambia. Mtoto mwingine ungemwambia, shule yako imefungwa, au wewe mgonjwa, au mwakani utakwenda. Ungemdanganya hata. Mimi nilitikisa kichwa. Naye akatikisa kichwa, akacheka, akanishika mkono kunivuta. Nilimrudisha ndani. Akatoka. Nilimrudisha. Nilikwenda haraka mpaka penye kona, nikageuka, yuko nyuma yangu, anaruka ruka. Nikamgeuza mabega kuelekea nyumbani. Akadhani ni mchezo. Mara ya tatu nilimsukuma kidogo, akaanguka, akanitazama mdomoni kutafuta sababu. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

Dionisia alikuja akambeba. Ile sauti yake nene niliisikia mpaka shuleni. Reli ilipogongwa ndipo ilipozama.

Jumanne, 14 Aprili

Leo pia. Gauni, uso, kizingiti.

Jumatano, 15 Aprili

Leo pia.

Alhamisi, 16 Aprili

Leo pia. Nimetokea mlango wa nyuma, kama mwizi. Dionisia anasema alikaa pale mpaka jua lilipofika miguuni pake.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua zinapungua. Mtama umeanza kutoa masuke, ndege wamekuja. Leo pia.

Jumamosi, 25 Aprili

Teodosia ameondoka. Padre amempeleka kigango kidogo upande wa Ruangwa, "apate uzoefu." Ni maneno yangu mwenyewe, yale yale, yametoka katika kile kitabu. Mahali pake amekuja mama mmoja mkali anayewafanya watoto wakae kimya. Inspekta atampenda.

Nilimsindikiza Teodosia mpaka lilipo lori, nikamwambia njiani. Nilimwambia yote, siku niliyokwenda kwa Padre na sababu niliyokwenda. Alikuwa amebeba sanduku lake kichwani, akasimama, lakini hakulitua.

"Ni mimi uliyemkasirikia, Mwalimu," akasema, "lakini aliyelipa ni Lusiana." Tulitembea tena. Karibu na lori akasema, kwa sauti nyingine, "Mfundishe mwenyewe. Kaa naye mbele yake, penye mwanga. Anapenda kufundishwa."

Sikusema nitafanya. Nimekwisha kuahidi vitu vingi.

Jumanne, 28 Aprili

Nilijaribu. Nilikaa naye barazani na kibao, penye mwanga. Niliandika BABA nikajinyoshea kidole. Akakitazama kibao, akanitazama, akachukua kitambaa akafuta. Akaenda kwa mama yake. Leo asubuhi alikaa tena kizingitini, lakini aliponiona natoka hakusimama.

Jumapili, 3 Mei

Leo ametimiza miaka sita. Dionisia amempikia kuku. Fatu alikuja akala naye, wakacheza kwa mikono uani. Wanaelewana hao. Wanacheka mambo ambayo sisi wawili tuliokaa tunawatazama hatuyajui.

Jumatatu, 4 Mei

Nimekwenda kwa Padre. Nilimwambia nataka mwanangu arudi darasani, na kwamba nikiulizwa na inspekta nitasema ni wangu. Nilisema kwa sauti kubwa. Nilikuwa nimejizoeza njiani.

Padre alivua miwani. Alisema majina ya darasa yamekwisha pelekwa, arobaini na mmoja, na mwalimu mpya amesema waziwazi kwamba hatamweza. "Ungeniambia hivi ile siku, Eustakio, ningekusikiliza. Nilingoja useme." Aliniahidi kwamba Januari tutazungumza tena. Januari atakuwa na miaka sita na miezi minane, na wenzake watakuwa wameingia darasa la kwanza.

Sikumkasirikia. Ni mtu aliyeniuliza swali, nikamjibu.

Alhamisi, 7 Mei

Inspekta amekuja, ameondoka. Amesifu.

Ijumaa, 8 Mei

Leo pia, gauni halijafungwa vifungo.

Jumatatu, 11 Mei

Leo pia. Alikaa kidogo tu.

Jumanne, 12 Mei

Mvua zimekwisha kabisa. Asubuhi ilikuwa na baridi na ukungu bondeni. Watu wameanza kuvuna mtama wa mapema, sauti zao zinasikika tangu kucha.

Nilivaa, nikatoka kwa mlango wa mbele, maana niliamua sitatoroka tena nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukutana naye. Kizingitini hapakuwa na mtu.

Nilidhani amelala. Nikasimama kumngoja. Fatu na wenzake walipita. Fatu hakutazama upande wetu, alikuwa anazungumza na mtoto mwingine. Nilizunguka jikoni. Lusiana alikuwa ameketi chini karibu na mama yake katika nguo ya nyumbani, ungo mapajani, anapukuchua mbaazi. Anajua kazi hiyo, vidole vyake ni vyepesi. Dionisia aliniona, akainamisha kichwa.

Mtoto alinipa mgongo. Kisogo kile kile. Ningeweza kwenda hatua tatu, nikamgusa bega, akageuka. Badala yake nilisimama pale pale mlangoni nikamwita.

"Lusiana."

Dionisia aliacha kazi. Nikamwita tena, polepole, kama mtu anayemwamsha mtu. Mara ya tatu nilimwita kwa sauti kubwa mpaka wavunaji wakanyamaza shambani.

Mbaazi ziliendelea kuanguka ungoni. Kisha reli ikagongwa, nami nikaenda kufundisha.